Siku tatu Beaune pamoja na mama: chumba, ngazi na meza ya chakula

Msomaji anayeishi Brussels ameniandikia hivi: "Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa Septemba. Ana miaka 68 na goti linamsumbua. Nataka nimpeleke Beaune, katika jimbo la Bourgogne, tulale kwenye hoteli ya zamani ndani ya kuta za mji. Tungefika Jumapili mchana na kuondoka Jumatano, na jioni tuwe tunatembea kidogo tu kwenda kula. Mama hali nyama ambayo haikuchinjwa kwa sharia, wala chakula chenye nguruwe au pombe. Samaki, mayai na mboga hana neno navyo. Nichague hoteli ya namna gani, na tutakula nini?"

Dada yangu, mji umeuchagua vizuri, lakini siku ndizo zitakazokutesa. Kabla sijagusa habari ya hoteli, naomba uibadili ratiba yako. Migahawa mingi ya Beaune ni ya mtu na mkewe, au mpishi mmoja na wasaidizi wawili, na watu hao nao wana mapumziko yao. Wengi hufunga Jumapili jioni na Jumatatu kutwa, na wengine hufunga Jumanne na Jumatano. Ukifika Jumapili mchana, utakuwa umechagua zile jioni tatu za wiki ambazo milango mingi imefungwa, na michache iliyobaki wazi ni ile inayotegemea wapita njia, ambayo kwa kawaida haina nafasi wala hamu ya kumsikiliza mgeni mwenye masharti ya chakula. Fika Alhamisi, ondoka Jumapili asubuhi. Huenda chumba kikaongezeka bei kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na bado nitakushauri hivyo hivyo, kwa sababu Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya soko kubwa kwenye uwanja wa Place de la Halle, mkabala na hospitali ya kale, na soko hilo litakufaa kuliko unavyodhani.

Septemba pia ni wakati wa kuvuna zabibu. Tarehe za mavuno hufuata jua la mwaka husika, lakini mara nyingi huanguka kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Septemba, na wanunuzi wa mvinyo huanza kuingia mjini. Weka nafasi mapema. Afadhali hukuchagua Novemba, kwa maana Jumapili ya tatu ya mwezi huo hufanyika mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, yaani taasisi ya hospitali hiyo ya kale, ulioanza mwaka 1859, na wikiendi hiyo mji mzima hujaa na bei za vyumba hupanda kupita kiasi.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Brussels mtashukia Paris katika stesheni ya Gare du Nord na kuendelea kutoka Gare de Lyon. Vijana huhama kati ya stesheni hizo kwa treni ya mjini, lakini kwa goti la mama na masanduku, chukueni teksi na muiachie saa nzima ya akiba. Treni ya kasi hufika Dijon kwa muda wa kama saa moja na nusu na dakika chache, kisha treni ya mkoa huwafikisha Beaune kwa chini ya nusu saa. Stesheni ya Beaune iko nje kidogo ya kuta. Mtu mzima wa afya hutembea hadi katikati ya mji kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ila sehemu ya njia imetandazwa mawe, na sanduku la magurudumu juu ya mawe hayo ni adhabu. Iombe hoteli iwaitie teksi siku moja kabla.

Sasa hoteli. Neno hili lina mtego wa lugha ambao umewasumbua Waswahili wengi. Kwetu, mtu akisema anakwenda hotelini huenda anakwenda kunywa chai na chapati. Kwa Wafaransa neno "hôtel" halina maana ya mahali pa kula, na wala si lazima liwe mahali pa kulala. Asili yake ni neno la Kilatini lililozaa pia neno hospitali, na kwa karne nyingi limetumika kwa jumba la mtu tajiri, kwa ofisi za manispaa zinazoitwa "hôtel de ville", na kwa hospitali kuu ya mji iliyoitwa "Hôtel-Dieu", yaani nyumba ya wageni ya Mungu. Kwa hiyo bango lenye neno hilo mjini Beaune linaweza kuwa ukumbi wa manispaa, nyumba ya mfanyabiashara wa mvinyo, au jumba la makumbusho. Na hata pale lilipo hoteli ya kulala, nyingi hutoa kifungua kinywa tu. Ikiwa ina jiko la chakula cha jioni, mara nyingi itajiita "hôtel-restaurant" au "hostellerie".

Hoteli za zamani za Beaune hazikujengwa kuwa hoteli. Ni nyumba za watu zilizounganishwa, ukuta ukatobolewa hapa, mlango ukafungwa pale. Le Cep, iliyo katika mtaa wa Maufoux, ni mfano mzuri: ni majumba ya kale yaliyokusanywa kuzunguka nyua za ndani, na vyumba vyake vimepewa majina ya mvinyo wa Bourgogne. Uzuri wa majengo ya namna hii ndio huohuo unaozaa shida zake. Chumba kimoja hakifanani na kingine, korido hupanda vidato viwili na kushuka vitatu bila sababu inayoonekana, na ngazi za mawe zinazozunguka kama kombe la konokono zina kidato chembamba upande mmoja na kipana upande wa pili, ambacho ni kibaya sana kwa goti linaloshuka. Wageni wengi hudhani sheria ya Ufaransa ya mwaka 2005 kuhusu watu wenye ulemavu imeweka lifti kila mahali. Sheria hiyo inaruhusu msamaha kwa majengo ya urithi, na katika eneo la mita 500 kuzunguka jengo la kihistoria kila badiliko la nje linapaswa kupita kwa msanifu wa serikali anayelinda urithi. Ndiyo sababu utakuta hoteli ya nyota nne ina lifti inayofika upande mmoja tu wa jengo, au haina kabisa, na ndiyo sababu vyumba vingi havina kiyoyozi. Kiyoyozi msikihofie, kuta nene na usiku wa Septemba vinatosha.

Ninalotaka ulishike ni kwamba katika hoteli ya aina hii unachagua chumba kabla ya kuchagua hoteli. Nilifanya kazi ya mapokezi kwa miaka kadhaa katika hoteli ya kale ya jimbo hilo, na wageni waliofurahi walikuwa wale waliotuandikia mapema kuulizia chumba fulani kwa sifa zake. Wale waliobonyeza picha nzuri na kulipa, tuliwapa kilichobaki. Namkumbuka bibi mmoja aliyefika jioni na mkongojo, akapewa chumba cha mnarani chenye dirisha la kupendeza na vidato zaidi ya arobaini. Alilala humo usiku mmoja, na asubuhi hakutaka kutoka kwenda kuona mji, kwa sababu ya kurudi. Hatukumdanganya popote, lakini hakuuliza, na sisi hatukumwambia. Bado linaniuma.

Basi andika barua pepe moja kwa moja kwa hoteli, hata kama utalipia kupitia tovuti ya kuweka nafasi. Omba chumba cha "rez-de-chaussée", yaani cha usawa wa ardhi, au kinachofikiwa na lifti bila kidato chochote baada ya lifti. Sisitiza maneno hayo ya mwisho, maana hapo ndipo panapofichwa vidato vitatu vya korido. Omba vitanda viwili mbalimbali, "deux lits séparés", kwa kuwa kitanda cha watu wawili cha Kifaransa cha asili kina upana wa sentimita 140 tu na nyinyi wawili mtabanana. Omba bafu lenye shawa isiyo na kizingiti, inayoitwa "douche à l'italienne", wala si beseni refu la kuogea ambalo mama atalazimika kulivuka mguu mmoja baada ya mwingine. Omba pia dirisha linalotazama ua wa ndani. Kelele za usiku katika mji huu ni chache, lakini kengele za kanisa la Notre-Dame na za mnara wa saa wa Place Monge zina sauti, na magari ya kuleta bidhaa huanza alfajiri.

Kuna mambo mawili ambayo hoteli haitayataja, na kwa mama ni makubwa. Choo cha Kifaransa mara nyingi hakina mpira wa maji, na katika majengo ya zamani choo huwa chumba kidogo mbali na bafu, kisicho hata na bomba. Bebeni birika jepesi la plastiki. Na kibla, kutoka Beaune, kipo upande wa kusini-mashariki.

Usinunue mpango wa kulala pamoja na chakula cha jioni, unaoitwa "demi-pension". Unaonekana nafuu kwa mtu mwenye mama asiyetaka kutembea, lakini menyu yake hupangwa mapema na huwa na chaguo moja au mawili, na katika Bourgogne chaguo hayo karibu daima yamepitia chupa ya mvinyo. Kifungua kinywa cha hotelini kinafaa: mkate, siagi, jamu, mayai, jibini na matunda, na sahani ya nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, ambayo mtaipita. Kodi ya kulala mjini hulipwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na mara nyingine huongezwa mwishoni, msishangae.

Chakula ndicho nilichotaka kukifikia. Vyakula vya sifa vya Bourgogne karibu vyote vimekatazwa kwa mama, na haitoshi kukwepa yale majina yanayojulikana. Nyama ya ng'ombe ya "bœuf bourguignon" na kuku wa "coq au vin" hupikwa kwa mvinyo mwekundu, na hilo kila mtu analijua. "Jambon persillé" ni nguruwe. Konokono wa nchi kavu kwa siagi na kitunguu saumu, hao sidhani mama atawatazama. Hatari kubwa iko kwenye vyakula vinavyoonekana salama. "Œufs en meurette" ni mayai, naam, lakini yamezamishwa katika mchuzi wa mvinyo mwekundu wenye vipande vya nguruwe. Samaki huja na "beurre blanc", jina linalomaanisha siagi nyeupe tu, ilhali msingi wake ni mvinyo mweupe uliochemshwa na vitunguu hadi ukakauka. "Pochouse" ni mchuzi wa samaki wa mtoni uliopikwa kwa mvinyo mweupe. Haradali inayouzwa kwa jina la "moutarde de Bourgogne" hutengenezwa kwa mvinyo mweupe wa jimbo hilo, tofauti na haradali ya kawaida ya siki. Jibini la Époisses huoshwa kwa pombe kali ya zabibu wakati wa kukomaa. Hata aiskrimu ya "cassis", tunda dogo jeusi, inaweza kumiminiwa likeri, yaani pombe tamu, na kitindamlo laini cha krimu kinaweza kuwa na jelatini ya nguruwe.

Wala usimwombe mpishi aondoe mvinyo katika chakula hicho. Mchuzi wa bœuf bourguignon hupikwa kwa saa nyingi, mara nyingi tangu jana yake, na hauna namna ya kutolewa kilichomo. Mpishi atakuona unamwomba avunje kazi yake, na mhudumu anaweza kukubali kwa adabu bila kubadili kitu. Omba chakula ambacho tangu mwanzo hakina mvinyo. Samaki wa kuchomwa au wa kukaangwa kwa siagi, kwa limau, pamoja na mboga. Sandre, samaki mweupe wa mtoni mwenye nyama ngumu kidogo, anakubali mapishi hayo vizuri sana. Kimanda cha uyoga. Supu ya mboga, baada ya kuuliza imepikwa kwa maji au kwa supu ya mifupa. Na kuna kitu kimoja cha Bourgogne halisi ambacho mama atakila kwa raha bila wasiwasi wa mvinyo: "gougères", vitumbua vyepesi vya kuoka vya unga, mayai, siagi na jibini, ambavyo huliwa vya moto. Mwanzishie hivyo.

Sentensi ya kutumia ni hii, na iandike unapoweka nafasi, si unapokaa mezani: "Nous ne mangeons ni viande ni porc, et pas de vin ni d'alcool dans les plats, même cuit. Poisson, œufs et légumes, avec plaisir." Maneno "même cuit", yaani hata kama umepikwa, usiyaache. Ukisema tu "sans alcool", mhudumu atadhani unazungumzia kinywaji, na mpishi wa Kifaransa kwa nia njema kabisa huamini kwamba mvinyo ukichemka pombe huruka na hakuna tatizo tena.

Katika kuchagua mgahawa, tafuta alama ya sufuria yenye paa la nyumba juu yake, au maneno "fait maison". Alama hiyo ilianza kutumika kisheria mwaka 2014 na huonyesha kwamba chakula kimepikwa humo humo kutokana na vitu vibichi. Nakushauri hivyo kwa sababu moja: mahali mpishi anapotengeneza mchuzi wake mwenyewe, anajua kilichomo na anaweza kukupikia kingine, mahali mchuzi unapotoka kwenye ndoo ya kiwandani, hata yeye hajui. Migahawa ghali yenye nyota, kinyume na wanavyodhani wengi, ndiyo hushughulikia masharti kwa uangalifu zaidi, mradi uwaambie siku kadhaa kabla. Ukiwa na uwezo, mlipie mama mlo mmoja wa namna hiyo, na uwe mchana. Na uulize kama meza iko juu au chini, maana baadhi ya migahawa ya Beaune imo katika vyumba vya matao chini ya ardhi vilivyokuwa maghala, na kufika huko ni kwa ngazi.

Nasisitiza mchana kwa sababu zaidi ya bei, ingawa menyu ya mchana siku za kazi huwa nafuu kwa mbali. Jikoni hufunguliwa saa sita mchana na oda za mwisho hupokelewa kama saa saba na nusu. Jioni hufunguliwa saa moja au saa moja na nusu, na mlo huchukua saa mbili bila mtu kuwa amechelewesha lolote. Katikati ya Septemba jua la Beaune huzama kabla kidogo ya saa mbili usiku, kwa hiyo Magharibi itamkuta mama katikati ya chakula kila jioni. Adhuhuri, kwa upande wake, huingia baada ya saa saba na nusu mchana, mlo ukiwa unakaribia kwisha na hoteli ikiwa karibu. Kuleni mlo mkubwa mchana, mama arudi aswali na kulipumzisha goti, na jioni iwe ya kitu chepesi. Hapo ndipo soko la Jumamosi linapofaa: mkate, jibini la Comté, nyanya, zabibu, mkate wa asali na viungo unaoitwa "pain d'épices". Hoteli nyingi zitawaruhusu kula uani mkiomba kwa adabu.

Kwa habari ya adabu, mkiingia popote anzeni na "bonjour", au "bonsoir" ikiwa jioni, kabla ya neno lolote jingine. Kwao ni kama hodi. Anayeanza kwa kuuliza swali ameingia ndani bila kubisha. Maji ya jagi, "une carafe d'eau", hutolewa bure kwa mujibu wa sheria, na huduma imekwisha jumlishwa katika bei.

Alasiri moja muitenge kwa ajili ya Hôtel-Dieu, ile hospitali ya kale. Kansela Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins waliianzisha mwaka 1443, nchi ikiwa imechoshwa na vita na njaa, na mgonjwa wa kwanza aliingia tarehe 1 Januari 1452. Wagonjwa waliendelea kutibiwa humo hadi mwaka 1971. Watu huja kupiga picha paa lake la vigae vya rangi, lakini mama nadhani atakaa zaidi kwenye ukumbi wa maskini, wenye urefu wa karibu mita 50, ambamo vitanda vyenye mapazia mekundu vimepangwa pande mbili na kanisa dogo liko mwisho wa ukumbi huohuo, ili mgonjwa asali akiwa amelala. Alasiri hiyo msipange kitu kingine.

Mgahawa ukikujibu "pas de problème" na hauna la kuongeza, usiridhike. Andika tena, uliza kwa upole watawapikia chakula gani hasa, na uulize kimeandaliwa kwa mchuzi gani. Anayekujibu kwa jina la samaki na namna atakavyompika, huyo mkabidhi meza ya mama.